Kabla ya Kumshuku Dada Yako, Iulize Programu



Mmezoea kusoma hapa habari za udi, mapishi na namna ya kuishi na mawifi. Leo mawifi wenyewe ndio wanaoandika, na tunakuja na habari za kompyuta. Msikimbie! Mmoja wetu ni mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Nshamba, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Mwingine amezaliwa hapa hapa, katikati ya migomba na mibuni. Sote wawili tunatunza hesabu za kikundi cha akina mama wa msikitini. Mmoja analijua daftari, mwingine alisoma kompyuta chuoni. Tumeandika pamoja, kwa hivyo tutasema "sisi" mpaka mwisho.

Kikundi kina wanachama 27. Tunaweka akiba, tunakopeshana bila riba, na tunapokea amana. Hizo amana ndizo zinazowahusu mabibi harusi. Binti akishapokea mahari yake anaweza kuiweka kwetu kwa jina lake mwenyewe, isije ikamalizikia kwenye shughuli za watu. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao. Sasa fikiria mahari ambayo mume ameitoa kwa moyo safi, kisha ikaja kupotea kwa sababu ya hesabu mbovu. Mbele ya Allah tutajibu nini?

Hesabu zetu ziko kwenye programu inayokaa ndani ya laptopu yenyewe, haina haja ya intaneti. Aliiandika mpwa wetu kwa lugha ya Python, kisha akapata kazi Dar es Salaam akatuachia. Taarifa zote zinahifadhiwa kwa SQLite, ambayo ilianza mwaka 2000 na leo imo ndani ya simu nyingi mno mikononi mwa watu. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kinakaa kwenye faili moja unaloweza kulibeba kwenye flashi.

Kijana alifanya kazi nzuri, Allah amlipe. Lakini kila programu ina hitilafu zake, na nyingi ni zile zile zinazowasumbua waandishi wa programu dunia nzima. Tunazieleza hapa kwa sababu moja: hitilafu ya programu, isipochunguzwa, huishia kuwa tuhuma juu ya mwanamke.

Deni lililolipwa likakataa kufutika

Msimu mmoja wa kahawa, bibi mmoja anayelea wajukuu alileta shilingi 40,000, ndizo zilizobaki katika mkopo wake. Mwezi uliofuata programu ikaonyesha bado anadaiwa 40,000. Bibi akasema amelipa. Mhazini akasema ndiyo, amezipokea. Kompyuta ikasema deni lipo.

Mnajua wenyewe kinachofuata wanawake wakiwa wengi. Wengine walinong'ona kuwa bibi amezeeka, anasahau. Wengine wakanong'ona mabaya zaidi, kwamba mhazini amezila. Mhazini huyo ni mjane, na jina zuri ndiyo mali yake kubwa.

Nshamba ni mahali panapojua uzito wa orodha ya majina. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata bibi wengi walibaki wakilea wajukuu peke yao. Mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee ulianza hapa kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi. Kwa bibi wa namna hiyo, deni la uongo la shilingi 40,000 ni chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya ya 12 inatukataza dhana nyingi mbaya. Tulikubaliana kuwa habari ya kompyuta nayo ni habari, itachunguzwa kama nyingine.

Kwanza tulitoa nakala ya faili la hesabu na kulifungia lile la asili. Usichunguze hitilafu kwenye hesabu halisi, utaongeza madhara juu ya madhara. Pili, tukaangalia upande wa sanduku. Tukakuta shilingi 40,000 zimeingia siku ile ile, na fedha taslimu sandukuni zililingana na hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Kwa hiyo hapakuwa na mwizi. Tatu, tukamuuliza katibu siku hiyo ilikuwaje. Akakumbuka umeme ulikatika katikati ya kikao, na betri ya laptopu yetu ni kuukuu: umeme ukienda, nayo inazima hapo hapo.

Nne, tukalirudia tukio kwa makusudi, kwenye ile nakala. Tukaingiza malipo. Programu ikaweka fedha kwenye sanduku, kisha ikafungua kidirisha cha kusema "Imepokelewa, bonyeza Sawa." Kumbe deni lilikuwa linapunguzwa baada tu ya kubonyeza Sawa. Tukachomoa waya kabla ya kubonyeza. Tulipowasha tena, fedha zilikuwa zimeingia na deni lipo vile vile. Tukarudia mara tatu, mara zote tatu ikawa hivyo hivyo.

Ijumaa iliyofuata tukafanya jaribio hilo mbele ya wanachama wote. Mwenyekiti akasema, "Bibi, huna deni. Tuwie radhi." Akamgeukia mhazini akamwomba radhi naye. Mhazini hakujibu, alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

Dawa yake mabibi harusi mtaielewa upesi kuliko wanachuo. Ndoa ina ijabu na kabuli. Walii akitamka, bwana harusi akaondoka bila kukubali, hakuna nusu ya ndoa, hakuna ndoa kabisa. Hesabu nayo iwe hivyo. Kuingiza fedha na kupunguza deni vifungwe kwenye muamala mmoja: ama vyote viwili vitimie, ama kisiandikwe hata kimoja. SQLite inaliweza jambo hilo. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka tena inarudisha hali ya kabla ya muamala kuanza. Kidirisha cha "Imepokelewa" tukakihamishia mwisho, baada ya vyote kuthibitika.

Shilingi 13 zisizo na mwenyewe

Kikundi kilipata faida ya shilingi 500,000 kwenye biashara ya sabuni. Gawanya kwa wanachama 27, unapata 18,518 na vipande visivyoisha. Programu ilikuwa inapandisha kila fungu hadi 18,519. Zidisha kwa 27, utapata 500,013. Shilingi 13 zimezaliwa hewani! Ni ndogo, lakini mwisho wa mwaka vitabu haviendani na sanduku, na macho yanarudi kwa mhazini yule yule.

Kompyuta ina udhaifu mwingine katika namba za desimali. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2, atakujibu 0.30000000000000004, kwa sababu ndani yake namba hizo zinahifadhiwa kwa mfumo wa mbili na haziingii kamili. Ndiyo maana fedha huhesabiwa kwa namba kamili, na mgawanyo unaamuliwa na watu kabla ya programu. Sisi tuliamua kila mmoja apate 18,500, jumla 499,500, na zile 500 zinazobaki ziandikwe waziwazi kwenye mfuko wa sadaka. Kila shilingi ina mwenyewe.

Tarehe, mwezi na saa

Binti aliahidiwa sehemu ya mahari iliyobaki tarehe 5/6. Je, ni tano Juni au sita Mei? Inategemea laptopu imepangwa kwa desturi ya Uingereza au ya Marekani. Dawa ni programu kuhifadhi mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na kwenye dirisha ionyeshe jina la mwezi kwa herufi: 5 Juni. Na saa ya laptopu kuukuu huweza kurudi nyuma miaka kadhaa betri yake ndogo ya ndani ikifa. Tumeifundisha programu kukataa malipo yenye tarehe iliyo nyuma ya malipo ya mwisho, na kumwomba katibu aikague saa.

Kubwa zaidi ni zaka. Akiba au mahari iliyowekwa, ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka, inatolewa zaka, na mwaka huo ni wa Hijria, wenye siku 354 au 355. Programu ilikuwa inahesabu 365. Tofauti ya siku 11 unaweza kuiona si kitu, lakini kwa miaka 33 inakaribia mwaka mzima wa zaka usiotolewa. Tukairekebisha. Tarehe ya Hijria inayoonyeshwa tumeiandikia kuwa ni makadirio, maana mwezi unaandama mbinguni na programu haiuoni. Katika hukumu za zaka yenyewe, waulizeni masheikh wenu.

Dirisha linapoganda

Tukitoa ripoti ya mwaka mzima, dirisha lilikuwa linapauka na kutojibu chochote. Akina mama wakidhani imekufa, wanazima. Kuzima katikati ya kazi ndiko kunakoharibu mafaili.

Chukua nyumba ya harusi ambayo mtu mmoja anapika pilau na yeye huyo huyo anapokea wageni mlangoni. Wageni watabisha hodi, hakuna atakayeitikia. Si kwamba amekufa, yuko jikoni. Programu nyingi za kompyuta za mezani zina mfanyakazi mmoja wa dirisha, ukimpa na kazi nzito atakuacha mlangoni. Tukamwekea msaidizi wa nyuma: huyo anaandaa ripoti, yule wa dirisha anabaki kuitikia na kuonyesha kazi imefika wapi. Sharti moja tu, msaidizi asiliguse dirisha mwenyewe. Anatuma habari, na wa dirisha ndiye anayeionyesha.

"Mbona kwangu inafanya kazi?"

Tulipoihamishia programu kwenye laptopu nyingine, ikagoma kufunguka. Mpwa wetu akasema kwa simu maneno wanayoyasema waandishi wote wa programu: kwangu inafanya kazi. Ujumbe wa hitilafu ulikuwa mrefu na wa kutisha, lakini mstari wa mwisho ulisema wazi kuwa folda haikupatikana. Folda yenyewe ilikuwa na jina lake yeye ndani, ilikuwepo kwenye kompyuta yake tu. Tukaiagiza programu itafute faili pale ilipo yenyewe, si nyumbani kwa mtu. Ujumbe wa hitilafu usiukimbie, dada. Soma mstari wa mwisho kwanza, mara nyingi jibu liko hapo.

Tulikuta pia wanachama wawili wanaoitwa Aisha binti Ali, na programu inawatambua kwa jina tu. Tukampa kila mwanachama namba yake. Na kila baada ya kikao tunatoa nakala mbili kwenye flashi, zinalala nyumba mbili tofauti.

Kwako bi harusi

Huenda usiandike programu maisha yako yote. Lakini fedha zako zitapita kwenye programu za wengine: za vikundi, za maduka, za simu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni, kuwa na mwandishi muadilifu na kuweka mashahidi, hata deni likiwa dogo. Kompyuta inaweza kuwa kalamu ya mwandishi huyo, lakini ushahidi unabaki kwa watu. Kwa hivyo omba risiti ya karatasi. Uliza nakala zinawekwa wapi. Uliza umeme ukikatika inakuwaje.

Na siku ambayo hesabu itakataa, iwe kikundini au baina yako na mumeo, usianze na jina la mtu. Anza na nakala, tarehe na mstari wa mwisho wa ujumbe. Bibi yule bado analeta akiba yake kila Ijumaa, na mhazini ni yule yule.

Allah azibariki ndoa zenu, azilinde amana zenu, na atuepushe na dhana mbaya juu ya dada zetu. Aamin.