Hesabu Iliyosahau ya Jana

Leo nina kisa, na mwenye makosa ni mimi.

Mwaka 2021 nilimwandikia mteja mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi programu ya kutoa risiti. Nilitumia MySQL 5.7. Risiti ikibatilishwa, programu iliihamishia jedwali lingine na kuifuta kwenye jedwali kuu. Kazi ya kuhesabu nambari niliiachia AUTO_INCREMENT.

Jioni moja risiti tatu za mwisho, 4815 hadi 4817, zilibatilishwa. Usiku stima ikapotea. Asubuhi risiti ya kwanza ikatoka na nambari 4815. Mwisho wa mwezi mwenye duka akakuta karatasi mbili zenye nambari moja: moja ya pesa zilizorudishwa, nyingine ya mauzo. Akamshuku keshia. Yule dada akanipigia simu: "Kaka, hebu sema ukweli, kompyuta yako haiwezi kurudia nambari?" Nikamjibu papo hapo kwamba haiwezekani. Jibu hilo nusura limpotezee kazi.

Usiku huo sikulala. Nikasoma maelezo ya MySQL, na jambo lenyewe liliandikwa wazi. Hadi toleo 5.7, InnoDB iliweka hesabu hiyo kwenye RAM tu. Seva ikizimika, hesabu inapotea. Ikiwaka, InnoDB hutafuta nambari kubwa iliyobaki kwenye jedwali na kuongeza moja. Iliyobaki ilikuwa 4814. Hitilafu hii iliripotiwa mwaka 2003, ikapewa nambari 199, na ikaja kurekebishwa kwenye MySQL 8.0 mwaka 2018. Sasa kila hesabu ikibadilika huandikwa kwenye redo log, kwa hiyo seva ikiwaka inakumbuka.

PostgreSQL ilipita njia nyingine. Hesabu ya sequence hukaa kwenye diski, na ili kupunguza uandishi, nambari 32 za mbele huandikwa kwa mkupuo kwenye kumbukumbu ya mabadiliko. Seva ikianguka, huenda nambari kadhaa zikarukwa, lakini hazirudiwi.

Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuamua hali ya jedwali ikae wapi, jiulize kama inaweza kukokotolewa upya kutokana na data iliyopo. Makadirio ya idadi ya rekodi yanaweza, kwa hiyo RAM inatosha. Lakini nambari ya mwisho iliyotolewa ni historia. Ukishafuta rekodi, jedwali halina ushahidi tena. Hiyo lazima iandikwe kwenye diski.

Kesho yake nilienda dukani, nikamweleza mwenye duka kosa ni langu, nikamwomba yule dada msamaha. Yuko kazini. Siku hizi sifuti risiti, naiwekea alama tu kwamba imebatilishwa.

Na wewe je, hesabu zako zinakaa wapi? Zima seva ya majaribio leo uone.