Kutafuta Rili Nairobi kwa Ajili ya Mkondo wa Likoni

Huenda mkatucheka mkisikia kwamba sisi, watu wa pwani, tulipanda treni kwenda Nairobi, mji ulio mbali na bahari kwa kilomita zipatazo 480, kutafuta rili ya kuvulia samaki wa baharini. Aliyetupeleka ni kaka yetu mkubwa.

Kaka amevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni. Magoti yalipomkatalia kupanda mashua, alihamia kwenye majabali ya Mama Ngina, penye mlango wa Kilindini. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo hupita pale pale, yakiingia na kutoka. Mwishoni mwa kusi, kolekole aliuvuta mshipi ukamkata vidole viwili hadi mfupani, naye akateleza mpaka ukingoni mwa jabali. Wanawe walikutana wakaamua asirudi tena. Tangu siku hiyo akawa hukaa barazani asiseme na mtu. Tukawaomba watupe muda: tumtafutie rili na fimbo, na mjukuu awe akifuatana naye. Wakakubali, wakachanga shilingi 15,000, kwa sharti kwamba kifaa hicho kikimwangusha, habari ya uvuvi isitajwe tena nyumbani mwao.

Tulikuwa tumealikwa nikaha Parklands, na mwanawe wa pili, anayekaa Kangemi, alisema Nairobi hapakosi kitu. Baada ya swala ya adhuhuri katika Msikiti wa Jamia alitupitisha kando ya City Market, ambako samaki wa kwetu hulazwa juu ya barafu wakiwa wamechoka kwa safari kuliko sisi. Tulikata mtaa wa Biashara, tukapita maduka ya vitambaa na nyuzi. Hapo tulikumbuka kwamba rili ya aina hii asili yake ni nyuzi: Mwingereza Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya nguo, ndiye aliyepata hataza yake mwaka 1905. Mshipi hutoka kwenye kigogo kisichozunguka, kama uzi unavyochomoka kwenye kibiringo cha kiwandani.

Duka la kwanza la zana za uvuvi lilikuwa na rili nyingi, lakini karibu zote zilikuwa ndogo, za watu wanaokwenda mito ya Aberdare na ziwa Naivasha. Kijana wa dukani alitutolea moja kubwa yenye rangi ya dhahabu. "Ustadhi, hii ina beringi 13, na ni shilingi 3,500 tu." Tukaishika. Mkono wake ulicheza kabla ya kuanza kuzunguka, na bodi ilikuwa ya plastiki iliyojipinda tulipoibana. Katika mkondo, mvuvi havuti samaki peke yake, huvuta samaki na maji pamoja. Bodi ikijipinda, meno ya gia huacha kukutana sawasawa, yakaanza kulana. Wingi wa beringi hauokoi kitu hapo.

Tukaomba mizani ya ndoana. Tuliufunga mshipi kwenye mizani, tukakaza breki, mwana wa kaka akavuta. Ilipofika kilo 3 breki ilishika, ikaachia kwa mshtuko, ikashika tena. Breki njema huachia mshipi kwa ulaini, kama mafuta yanavyotoka chupani; ile ya kushtuka ndiyo inayokata mshipi samaki anapogeuka na kukimbia na maji. Tulimshukuru kijana tukatoka. Ukweli ni kwamba zile shilingi 11,500 ambazo zingebaki zilitutamanisha kitambo.

Kesho yake tulipanda matatu kwenda Westlands, kisha kwa Waiyaki Way tukaingia Lavington, kwa mzee mstaafu aliyekuwa akivua Watamu. Mwana wa kaka alipata habari zake kwa mwenzake wa kazini. Mezani aliweka rili mbili, ya namba 5000 na ya 8000. Namba hizo ni za ukubwa, ingawa kila kiwanda kina kipimo chake. Kabla hatujauliza lolote, alisema, "Sheikh, hii kubwa iliwahi kuanguka mchangani. Nimeifungua nikabadilisha beringi moja, lakini ukizungusha polepole utasikia mkwaruzo." Hakika tuliusikia. Muuzaji anayetangulia kutaja aibu ya bidhaa yake hutufanya tumwamini hata kwa yale asiyoyataja.

Ile kubwa ilikuwa na bodi ya chuma kitupu, na mkono ukizunguka mara moja, kichwa huzunguka kama mara 5. Wauzaji wengi husifu kasi zaidi ya hiyo. Sisi twaona katika maji makali nguvu ni bora kuliko kasi. Kwenye mizani breki ilifika kilo 8 bila kushtuka. Yatosha: mshipi wa kilo 22 hukaziwa breki kwa robo au theluthi ya nguvu zake, haifiki kilo 8.

"Lakini Ami, ni nzito," mwana wa kaka alinong'ona. "Bega la Baba je?" Hilo lilitukalisha kimya, na chai ikapoa. Ndogo ilikuwa nyepesi, lakini haikuweza kubeba mita 300 za mshipi, na kolekole akishapata mkondo huomba mita nyingi. Tukachagua kubwa kwa shilingi 12,000. Zilizobaki tulinunulia mshipi wa kusokotwa, ambao ni mwembamba, maji hayausukumi sana, na chubwi nyepesi hutosha kuushikilia. Nailoni nene ya kufunga mbele yake, kwa sababu ya majabali, tulijua tutaipata Mombasa, na glavu pia. Fimbo ilikuwa ya mwana wa kaka mwenyewe.

Kaka aliipokea rili baada ya isha. Hakutushukuru. Aliiweka sikioni, akazungusha polepole, akauliza, "Hii imekula mchanga wa wapi?" Tukamwambia, wa Watamu. Akacheka, mara ya kwanza tangu kusi, kisha akamtuma mjukuu alete karatasi ya nyakati za maji. Bamvua ilikuwa imebakia siku nne.