Matone ya plafo bila mvua

Huko Bengamisa, kilomita zipatazo 50 kutoka Kisangani kwenye barabara ya Banalia na Buta, kuna asubuhi watu wanakuta matone chini ya manjanja ingawa usiku mvua haikunyesha. Katika nyumba moja, matone hayo nusura yavunje undugu.

Nyumba hiyo ina plafo ya mbao. Juu yake mama mwenye nyumba anaweka mpunga wa mbegu ndani ya mifuko. Pa kupandia ni tundu lenye kifuniko kisichokaa sawa. Zamani walilala watu wanne. Lakini vita vya Wambole na Walengola, vilivyoanza mwaka 2023 upande wa Lubunga, vilimkimbiza mdogo wake pamoja na watoto. Sasa wanalala kumi na mmoja.

Msimu huu, mfuko wa kwanza ulipofunguliwa, mpunga ulinuka ukungu. Maneno yakaanza: watoto wa wageni wanapanda juu, wanamwaga maji. Mdogo mtu hakujibu. Alianza kufunga nguo zake.

Seremala wa jirani alipanda na tochi. Hakuona msumari unaovuja. Aliona manjanja yamelowa zaidi pale juu ya tundu. Pumzi ya mtu ina maji, nguo mbichi zilizoanikwa ndani zina maji, na sufuria ya sombe inatoa mvuke. Hewa hiyo ya joto hupanda, hupenya kando ya kifuniko, na ikigusa manjanja yaliyopoa usiku inageuka matone. Basi maji yalitoka kwa wote, wenyeji na wageni. Kosa halikuwa la mtoto yeyote.

Kwa mwendesha toleka walipata mpira wa ndani uliochakaa. Wakaukata vipande virefu, upana wa vidole viwili, wakavipigilia kuzunguka ukingo wa tundu. Wakaongeza vikomeo viwili vya ubao ili kifuniko kiubane mpira. Jioni seremala alijifungia juu gizani, akatafuta mwanga wa taa ya chini. Kila palipoonekana mwanga, walipaziba kwa matambara.

Matundu ya upepo chini ya paa, kwenye kuta za pembeni, hayakuguswa. Unyevu unaobaki juu unahitaji pa kutokea.

Jambo moja seremala alilikaza: baada ya kuziba plafo, mbabula isiwashwe ndani, wala isiachwe na makaa usiku ili kuota joto. Hewa ya makaa haina harufu ya kumwamsha mtu, na inaua. Jiko likahamia chini ya kibanda cha nje, na nguo zinaanikwa huko pia.

Mpunga ulioota ukungu ulitupwa. Kuupika hakuondoi sumu yake yote. Uliobaki ulianikwa juani juu ya bashi mpaka punje ikavunjika kwa mlio mkavu kati ya meno, kisha ukatiwa ndani ya bido zilizokauka na kufungwa vizuri.

Matone hayajaisha kabisa, maana hewa ya Tshopo yenyewe ina maji. Lakini mifuko mitupu iliyoachwa juu kwa majaribio haijalowa tena. Nguo za mdogo mtu zimefunguliwa, na msimu ujao yeye na dada yake watalima shamba moja.