Unene na Duara la Vijana

Katika Qurus, wilaya ya Karatu, kunenepa kumehesabiwa sifa kwa muda mrefu. Mtu akirejea safarini na mashavu yaliyojaa huambiwa kuwa amenawiri. Aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama ni mzima. Hili si la kuchekwa. Watu waliokwisha kuona njaa, kifua kikuu na UKIMWI wana haki ya kuogopa mifupa inayoonekana. Lakini kijana mnene wa leo huishi kati ya ndimi mbili: bibi yake humsifu na kumwongezea ugali, na wenziwe shuleni humwita bonge. Aghalabu huamini dhihaka, akajitenga na michezo, akala kwa siri.

Tabibu akimwambia kijana huyo peke yake apunguze kula, amesema kweli isiyofaa kitu, kwa kuwa kijana husikia hukumu ya pili juu ya ile ya darasani. Kwa sababu hiyo, katika nchi kadha wa kadha vijana wenye unene hukusanywa wachache wachache, wakaketi duara na kiongozi wao, kila mmoja akaeleza alichokula na huzuni iliyomtangulia kula. Kwa saa moja ya juma, bonge wa darasa huwa mmoja katika wengi.

Matibabu ya kundi yalianzia mbali na unene. Mwaka 1905, katika mji wa Boston, tabibu Joseph Pratt aliwakutanisha maskini wenye kifua kikuu, akaona kuwa walitiana moyo kuliko alivyoweza kuwatia yeye. Ajabu ni kuwa kwao kuongezeka uzito kulikuwa habari njema, kama ilivyo kwa mabibi wa Qurus!

Uthabiti wa njia hii hutegemea jamaa. Mwaka 1990 Leonard Epstein na wenziwe, Marekani, walitoa habari za watoto waliotibiwa wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 12. Baada ya miaka 10, waliofunzwa pamoja na wazazi wao walikuwa wamepunguza uzito uliozidi kwa asilimia 7.5, wa kundi la kulinganishia walikuwa wameongeza asilimia 14.3. Bibi, basi, naye aitwe, maana upawa uko mkononi mwake.

Wairaqw hawahitaji kufundishwa kuketi pamoja. Wana slufay, dua ya mkutano, ambayo mmoja huinena na wengine humwitikia. Kilicho kigumu ni siri. Kijijini, neno la asubuhi hufika kisimani kabla ya jua la mchana, na kijana aliyefichuliwa mara moja harudi tena. Mizani ikae nyuma ya pazia, uzito wa kila mmoja ujulikane naye na kiongozi tu, na jina la bonge liachwe mlangoni, hata linapotamkwa kwa mapenzi.