Safari ya Data Kutoka Mtaa Hadi Mtaa



Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi hapa Kampala, wala hatukutazamia kwamba ingetufaa siku moja katika mambo ya kompyuta.

Shule yetu na shule jirani zilikubaliana kuweka mazoezi ya ufahamu na insha za wanafunzi katika kompyuta moja iliyoko kwa jirani, ili watoto wa pande zote mbili wasomeane. Kutoka shule moja hadi nyingine ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hata hivyo, mara nyingi kipindi kilikwisha mazoezi yakiwa hayajafika. Mtumishi wa kampuni ituuziayo huduma ya intaneti alitujibu kwamba njia ni fupi mno, na kwamba kosa ni la kompyuta zetu kuukuu. Maadamu kuuliza si ujinga, tuliazimia kuiuliza njia yenyewe.

Chombo cha kuulizia kipo. Ni programu iitwayo traceroute, aliyoiandika Van Jacobson huko Marekani mwaka 1987. Yafaa ifahamike kwamba data zinazosafiri mtandaoni hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba nambari isiyozidi 255. Nambari hiyo ni mfano wa masurufu ya msafiri. Kila ruta, yaani mashine inayoielekeza pakiti njia, huipunguza kwa moja. Masurufu yakiisha, ruta huitupa pakiti na kumpelekea mwenyewe tanzia. Sheria hiyo iliwekwa ili pakiti iliyopotea isizunguke milele. Jacobson aliitumia kwa kazi nyingine: programu yake hutuma pakiti yenye masurufu ya kituo 1, kisha ya vituo 2, kisha 3, na kila ruta iletayo tanzia hujulikana kwa anwani yake. Hivyo njia nzima huandikika, kituo baada ya kituo.

Tulipoitumia, vituo vya kwanza vilikuwa vya hapa Kampala. Kisha likatokea jina la Mombasa. Kisha, baada ya bahari, London! Kutoka huko data zilirudi Mombasa, ndipo zikaingia shule ya jirani. Mahali pawili palitokea nyota tatu badala ya jina. Nyota hizo si dalili kwamba njia imekatika, kwani ruta nyingine hupitisha pakiti lakini hazijibu maulizo.

Mwanga katika nyuzi za kioo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo si umbali peke yake uliotuchelewesha, bali pia msongamano wa njia ya ng'ambo, ambayo ni ya gharama na hugawanywa kwa wengi. Wala haikuwa lazima kuipita. Tangu mwaka 2001 Kampala ina kituo cha kubadilishana data, UIXP, ambapo kampuni zikiunganishwa hupeana data papo hapo. Kumbe kampuni ya shule yetu na ile ya jirani hazikuwa zikipeana data hapo. Basi insha ya mtoto wa Kampala, ikisomwa na mtoto wa Kampala, ililipiwa nauli ya Ulaya, kwenda na kurudi, na mlipaji ni mzazi.

Tuliiambatisha orodha ya vituo katika barua yetu kwa kampuni. Safari hii hakuna aliyetaja kompyuta kuukuu. Tuliahidiwa marekebisho, nasi tungali tunangoja. Twawasihi walimu wenzetu waijaribu kazi hii pamoja na wanafunzi wao. Katika kompyuta za Windows amri yake ni tracert. Kisha wanafunzi na waisimulie safari hiyo kwa Kiswahili, kwani lugha isiyoweza kuuliza data zake zapita wapi itajibiwa lolote.

Kwa sasa, kila Ijumaa mwanafunzi mmoja hubeba mazoezi mkononi hadi kwa jirani. Hufika kabla ya kengele.