Daftari la Shosho

Mwaka 2004 nilishuka kwenye matatu ya 46 pale Kawangware nikiwa na godoro, sufuria mbili na stovu ya mafuta ya taa. Chumba nambari saba kilikuwa cha mabati, chenye taa moja na soketi moja. Kodi ilikuwa shilingi 1,500, stima ndani. Shosho mwenye ploti alinitazama viatu, akaniuliza nafanya kazi wapi. Nikamwambia dukani, katikati ya jiji. Basi. Sikutia sahihi popote.

Mkataba wetu wote ulikuwa kwenye daftari lake la kurasa 96, lililofunikwa kwa gazeti. Kila chumba kilikuwa na ukurasa wake. Ukimpa pesa, alilowesha kidole, akafunua taratibu, akaandika mwezi na neno “amelipa” kwa kalamu iliyofungwa uzi ili isipotee. Mimi nilirudi chumbani mikono mitupu. Kumwomba risiti kungekuwa sawa na kumwambia simwamini, na nani angethubutu kumwambia hivyo shosho aliyemwongezea siku tano mshahara ulipochelewa?

Sharti lake lilikuwa moja: koili marufuku. Nilikuwa nayo, nimeiviringisha kwenye sweta kuukuu chini ya kitanda. Saa kumi na moja alfajiri niliitumbukiza kwenye ndoo, nikachomeka nyaya mbili tupu kwenye soketi, nikangoja maji yachemke nioge kabla ya kwenda kazini. Asubuhi moja ploti nzima ikazima. Watu wakatoka na mishumaa, na mwanafunzi wa nambari tatu alikuwa analia kwamba ana mtihani. Nami nikasimama gizani pamoja nao, nikipaza sauti kuliko wote: “Ni nani huyo anatumia koili?”

Mwaka wa pili Shosho akaugua, akapelekwa mashambani, na mwanawe akashika ploti. Daftari halikuonekana tena. Kijana yule akasema nadaiwa miezi miwili. Nilikuwa nimelipa, lakini ningeonyesha nini? Jioni ya tatu nikakuta kufuli mpya imening'inia juu ya yangu, nikaenda kulala kwa rafiki Kangemi. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari huisha bila habari. Sikuwahi kufikiri kwamba kodi iliyolipwa nayo ni mali.

Mzee wa nambari moja, karani mstaafu, ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba ipo sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na baraza lake, kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukufungia mlango wala kukukatia maji bila amri. Tena anatakiwa kuweka kitabu cha kodi na kumpa mpangaji nakala. “Hata wewe, kijana,” akaniambia, “ulipaswa kuwa na daftari lako.”

Sikwenda barazani. Kibarua wa duka akikosa siku moja hukosa ujira wa siku hiyo, na kesi haiishi kwa siku moja. Nikakopa, nikalipa mara ya pili, nikahamia Kangemi. Ile shilingi 2,500 haikupandishwa miaka yote niliyopanga, huku kodi zikipanda kila mahali, hata vyumba vya kawaida vikaivuka na kubaki nje ya baraza lile.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwenye nyumba wangu wa Kangemi alipokubali kulipwa kwa simu, nilipata kwa mara ya kwanza ushahidi wa kutia mfukoni: jina lake, kiasi, tarehe, hata dakika. Nilikuwa nausoma ujumbe ule mara mbili mbili kama barua ya mpenzi. Baadaye ikaja mita ya tokeni, kila nyumba na yake, na koili ikawa dhambi ya mtu na mfuko wake. Kuanzia 2016 serikali ikaweka kodi maalumu ya mapato ya nyumba za kuishi, asilimia 10, iliyoshushwa hadi 7.5 mwaka 2024. Hapo mwenye nyumba wangu akagundua kwamba ujumbe wa simu huwa na wasomaji wengi. Akaanza kuulizia noti.

Nilipohamia nyumba ya ghorofa karibu na Ngong Road nilipewa mkataba wa kurasa sita, nikausoma wote. Paa, kuta za nje na mabomba makuu ni ya mwenye nyumba. Ya ndani ni yangu, niyarudishe nilivyoyapokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema karibu hivyo hivyo, hata karatasi ikinyamaza. Kabla sijaingiza kiti nilizunguka na keateka nikipiga picha: ufa juu ya sinki, kitasa kilicholegea, rangi iliyobambuka ukutani. Siku ya kutoka, mwenye nyumba alitaka kukata dipositi kwa ajili ya rangi. Nikamwonyesha picha, akakubali. Kisha akanionyesha matundu manane niliyotoboa kwa ajili ya pazia, nami nikakubali. Hatukupaziana sauti.

Siku hizi nina daftari langu, la kurasa 96, ingawa simu inatunza yote. Kila mwezi naandika: tarehe, kiasi, amelipa. Lakini ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu, ambao hauna risiti na hakuna wa kunidai: “Stima ya koili, chumba nambari saba. Sijalipa.”