Kazi ya Mungu na Mkono wa Mja

Ni nadra mazishi kufanyika nchini Kenya bila ya mtu kusema kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Husema hivyo mchungaji, husema chifu, husema jirani anayeshika mkono wa mfiwa bila kujua aseme nini kingine. Ni kauli ya faraja, na wengi imewavusha siku ambazo hawakudhani wangezivuka. Hata hivyo, kwa kijana mmoja wa Busia, aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika kozi ya ualimu wa Kiswahili na Dini, kauli hiyo ilimkwama kooni siku alipozikwa kaka yake.

Kaka huyo alikuwa utingo wa lori la masafa marefu lililochukua shehena bandarini Mombasa na kuifikisha Malaba. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, na utingo ndiye aliyelipa karo ya mdogo wake. Njiani kuna mteremko mrefu unaoanzia Sachangwan na kushuka hadi Salgaa, katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret. Ni mteremko uliokwisha kuwa na sifa mbaya, kwa sababu baadhi ya madereva wa malori walizoea kuondoa gia hapo na kuliacha gari liserereke lenyewe ili wabane matumizi ya mafuta. Gia ikiondolewa, injini haisaidii tena kulizuia gari. Breki pekee hubeba uzito wote, hupata moto, na mwishowe hushindwa. Dizeli iliyookolewa kwa njia hiyo iliuzwa kando ya barabara, na dereva na utingo wakagawana fedha.

Kijana alilijua jambo hili. Kaka yake alikuwa amemsimulia kwa kicheko likizo moja, tena akaongeza kuwa karo ya muhula uliopita ilitoka katika mteremko huo. Naye kijana alicheka. Miezi michache baadaye lori hilo lilishindwa kusimama, likavuka upande wa pili wa barabara na kuligonga gari dogo lililokuwa likipanda. Utingo alifariki. Ndani ya lile gari dogo alifariki baba mmoja wa Molo pamoja na binti yake. Dereva wa lori alivunjika mguu, akapona.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma katika ukoo, kijana alipewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wa marehemu. Alikesha na karatasi mbele yake. Sentensi za kuzaliwa na za masomo zilikuja bila taabu, lakini sentensi ya kifo ilimtatiza. Kwanza aliandika kwamba breki zilikatika na gari likapoteza mwelekeo. Mwanafunzi wa isimu hawezi kuandika sentensi ya namna hiyo bila kuisikia. Kauli ya kutendwa humtaka mtenda, hata kama hatajwi: kikombe kikisemwa kimevunjwa, msikilizaji hungoja kuambiwa ni nani aliyekivunja. Kauli ya kutendeka haina deni hilo, maana kikombe huvunjika tu, na nyumba nzima huwa haina hatia. Ajali hutokea, gari hupinduka, maisha hukatika. Alifuta, akaandika kuwa kaka yake aliitwa na Bwana. Hapa mtenda alipatikana, lakini akawa Mungu mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyeiondoa gia kule Sachangwan. Mwishowe alisoma sentensi hii ya pili mbele ya umati, na umati ukaitikia amina. Mchungaji aliposimama na kunena kuwa kazi ya Mungu haina makosa, kijana alihisi unafuu, na papo hapo akauonea aibu unafuu huo.

Aibu hiyo ilikuwa na sababu. Ikiwa yote yaliyotukia yalikuwa mapenzi ya Mungu, basi dereva hana kosa, mnunuzi wa dizeli hana kosa, na aliyesomeshwa kwa dizeli hiyo hana la kujutia. Lakini wakati huohuo Mungu anakuwa ndiye aliyemwua mtoto wa Molo. Faraja ya namna hii humtoa mja kizimbani kwa kumtia Muumba mahali pake. Methali nazo hazikumsaidia, kwani wahenga wenyewe wamegawanyika. Upande mmoja walinena kuwa ajali haina kinga, na upande wa pili wakanena kuwa msiba wa kujitakia hauna kilio. Ya kwanza huwasamehe wote kabla ya kesi kusikizwa, na ya pili humnyima hata mama mzazi machozi yake.

Imani ya Kikristo haikuanza jana kulikabili suala hili. Agostino, aliyezaliwa mwaka wa 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo Algeria leo, aliandika kitabu kizima juu ya hiari ya mwanadamu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba Mungu hakuuumba uovu. Aliumba viumbe wema na kuwapa hiari, na uovu wa kimaadili huzuka pale hiari hiyo inapoligeukia jambo duni na kuliacha lililo bora. Kiumbe asiyeweza kukataa hawezi kupenda pia. Kutokana na fikra za namna hii, wanateolojia wengi wamepambanua baina ya lile Mungu analolitaka na lile analoliruhusu. Kiswahili kimelifanya pambanuo hili kuwa gumu na zuri kwa pamoja, maana neno mapenzi hubeba maana mbili: matakwa na upendo. Anayesema kuwa kifo cha mtoto ni mapenzi ya Mungu, atake asitake, anazigusa maana zote mbili. Hiyo ndiyo sababu kauli hiyo humchoma mfiwa hata inapokusudiwa kumpoza.

Historia ya mteremko huohuo inaonyesha kwamba watu hawaishi kana kwamba ajali ni amri ya mbinguni. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Baada ya msiba huo Serikali iliipanua sehemu hiyo ya barabara na kuzitenganisha njia za magari yanayopanda na yanayoshuka. Hakuna aliyesimama kanisani kuwashutumu wahandisi kwa kupinga mapenzi ya Mungu. Kila mtu alielewa kwamba kulikuwa na jambo ambalo mikono ya watu iliweza kulifanya na haikuwa imelifanya.

Hata hivyo, hoja ya hiari ina mipaka, na ni vyema mipaka hiyo ikubaliwe wazi. Sachangwan hapohapo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, wanakijiji wakakimbilia petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakateketea. Je, hao nao waliutaka msiba wao? Mwenye gari na akiba benki hakimbii na mtungi kuchota petroli ya mtaroni. Hiari ya maskini ni hiari kweli, ila uwanja wake ni mwembamba, na waliousonga uwanja huo aghalabu hawapo moto unapowaka. Kwa hivyo anayetaka kuzigawa lawama hana budi kupima kwanza ni nani aliyekuwa na nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo ilikuwa na ukubwa gani.

Fauka ya hayo, yapo mateso ambayo hakuna mkono wowote wa mja uliyoyaleta. Katika nyumba ileile ya Busia alikuwako dada aliyefariki akiwa na umri wa miaka tisa kwa ugonjwa wa selimundu. Wazazi wote wawili wanapobeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, uwezekano wa kila mtoto kuupata ni mmoja kwa wanne. Wataalamu wameeleza pia kwa nini chembe hiyo imeenea katika maeneo yenye mbu wengi: mtu aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Maelezo hayo ni ya kweli, na kuna uzuri ndani yake kwa mwanasayansi. Lakini hayakumfikia mtoto aliyelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, wala mama aliyemkanda kwa maji ya uvuguvugu. Hapakuwa na dereva pale wala gia.

Injili inaizuia njia ya mkato katika jambo hili. Luka anasimulia habari za mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18, na Yesu akakataa katakata kwamba walikuwa na dhambi kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana, wanafunzi wanapouliza kama kipofu alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, jibu linayakana yote mawili. Mwenye kutafuta hatia nyuma ya kila uchungu anaambiwa aache.

Kisa kikuu ni cha Ayubu, na Waswahili wamekijua kwa karne nyingi, maana subira yake ilitungiwa utenzi katika fasihi ya pwani hata kabla ya Biblia kuenea bara. Marafiki watatu wa Ayubu, yaani Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomwona walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kutamka neno. Mswahili ana kitenzi cha tendo hilo: kuhani, yaani kwenda kuketi na mfiwa na kumpa pole. Sadfa ya lugha ni kwamba ipo nomino inayotamkwa vivyo hivyo, kuhani, yaani mtu asimamaye mbele ya Mungu kwa niaba ya watu. Haya ni maneno mawili mbalimbali yenye umbo moja, na hapana haja ya kulazimisha undugu baina yake. Lakini katika siku zile saba, wale marafiki walizitenda kazi zote mbili. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Kila mmoja alikuwa na nadharia iliyomtetea Mungu kwa gharama ya mgonjwa, na mwishoni Mungu anayetetewa akawakemea watetezi wake, ilhali Ayubu aliyenung'unika akasifiwa kwa kusema ukweli.

Vilevile katika Gethsemane, Yesu mwenyewe aliomba aondolewe kikombe cha mateso kabla ya kuyakubali mapenzi ya Baba. Ikiwa ombi hilo halikuwa kufuru kinywani mwake, swali la mfiwa si kufuru pia. Na msalaba wenyewe ulisimamishwa kwa hiari za watu: Yuda aliuza, Pilato alinawa mikono. Mkristo huamini kuwa Mungu aliyapitia maovu hayo akaleta wokovu, lakini hakuna Mkristo asemaye kwamba kwa sababu hiyo Pilato hakukosea. Uwezo wa Mungu wa kuokoa kutoka katika uovu haumfanyi yeye kuwa mtenda wa uovu huo.

Baada ya waombolezaji kutawanyika, kijana aliketi jikoni na mama yake akamweleza yote: mteremko, dizeli, karo. Mama alisikiliza huku akichochea moto.

"Nilijua," alisema. "Pesa zilipokuja nilimuuliza kaka yako zimetoka wapi, akacheka. Sikuuliza mara ya pili."

Walinyamaza kwa muda. Kisha akaendelea: "Hilo ni letu, mwanangu. Tusimtwike Mungu. La dada yako ndilo nililompelekea, maana halikuwa na mtu. Hajanijibu hadi leo, nami sijaacha kumwomba."

Wiki iliyofuata kijana alipanda matatu kwenda Molo. Alimkuta mjane akianua nguo. Alipojitambulisha kuwa ni ndugu wa utingo wa lile lori, mwanamke yule alisimama kimya, kisha akamwonyesha kigoda. Alipoona jinsi mgeni alivyotetemeka, akamwambia, kwa wema, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

"Mama," kijana alijibu, "ile haikuwa kazi ya Mungu. Gia iliondolewa. Mafuta yaliuzwa, nami nikasomeshwa kwa fedha hizo."

Mjane hakusema kuwa amesamehe, wala hakumfukuza. Aliketi kwenye kigoda cha pili, na nguo zikiwa magotini mwake, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni huyo. Baadaye alisema kwamba tangu mazishi kila mtu alikuwa amemwambia Mungu ndiye aliyewachukua, naye alikuwa ameanza kumwogopa Mungu kiasi cha kushindwa kusali. Jua lilipokaribia kutua ndipo kijana alipoaga.

Suala la kwa nini Mwenyezi anayaruhusu mateso halikujibiwa Molo, na huenda halitajibiwa upande huu wa kaburi. Lakini palipatikana jambo dogo ambalo kauli ya mazishi ilikuwa imelizuia: kilicho cha mja kilirudishwa kwa mja, na mwanamke mmoja akaweza tena kumkaribia Mungu wake. Mchungaji, chifu na jirani watakaosimama tena kaburini wana la kujifunza hapo. Kazi ya Mungu haina makosa, ndiyo. Ila kabla ya kuitamka kauli hiyo, yafaa mtu ajiulize kama kazi anayoizungumzia ni ya Mungu kweli, na ikiwa hana hakika, aketi chini na wafiwa, ahani.